Maji Safi ya Dobi

Mtaani walimwita Povu, na yeye aliitikia kwa fahari, maana lilikuwa jina alilolitolea jasho. Alikuwa amefua nguo za watu kwa miaka ishirini na sita, na ukimsikiliza asubuhi moja tu akisuuza mashuka ungedhani udobi uliteremshwa kwake yeye, sisi wengine tukaachiwa kulowanisha nguo. Mkewe wateja walimwita Mama Pasi. Mume alifua, mke akapiga pasi, na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Povu hakujua kunyoosha hata leso. Mama Pasi alikuwa hajatia mkono kwenye beseni la mteja tangu waoane. Watoto wao wawili walikuwa na nyumba zao mbali, basi wao wakabaki na ua wao, kamba zao za kuanikia na nguo za watu.

Siri ya Povu, ambayo alimwambia kila mtu, ilikuwa maji ya mvua. Maji ya bomba yana ugumu, alisema. Sabuni inaganda, povu linakataa, na shati jeupe linatoka na rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Maji ya mvua ni laini. Kwa hiyo kando ya baraza alipanga mapipa saba, na mfereji wa bati kutoka kwenye paa ukayajaza moja baada ya jingine. Hakuyafunika. Maji yanataka kupumua, alisema, kama vile aliwahi kuyauliza.

Halafu kulikuwa na vile vidudu. Siku chache baada ya mvua, ndani ya maji maangavu ambayo ungeona msumari ulioangukia chini kabisa, vilitokea vidudu vyembamba vikipanda na kushuka kwa kujikunjakunja. Mtu mwingine angevimwaga. Povu alivifurahia. Dobi mzee aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba vidudu vile haviishi kwenye maji yaliyoingia sabuni, kwa hiyo pipa lenye vidudu ndilo pipa la kusuuzia mara ya mwisho, kabla ya kutia buluu ya kung'arisha nguo nyeupe. Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimponza. Kila alipochota maji alivichuja kwa kitambaa, kisha akavirudisha pipani taratibu, viendelee na ulinzi.

Mbu walikuwepo, tena wengi, na Povu alijua wanakotoka. Kati ya ua wake na kibanda cha fundi viatu ulipita mtaro wa maji machafu, na fundi viatu alikuwa na tabia ya kutupia humo vipande vya ngozi na soli zilizokwisha. Povu alimwambia mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili alimwambia mbele ya wateja. Mara ya tatu alimwita mfuga mbu, na fundi naye akamwambia kwamba mtu anayeishi kwa uchafu wa wenzake asimfundishe usafi. Hapo maneno yakakatika. Ikapita miezi wakipeana migongo, hatua kumi kati yao, kila mmoja akikohoa kwa sauti ili mwenzake ajue kwamba hasalimiwi.

Usiku Povu na mkewe walilala ndani ya chandarua, na Povu alikichomekea mwenyewe chini ya godoro pande zote nne. Mchana hakuna aliyewaza mbu. Mama Pasi alisimama barazani na pasi yake ya mkaa, mapipa yakiwa nyuma yake, na asubuhi na alasiri alijikuna kisigino kimoja kwa kidole cha mguu wa pili, wala mkono uliokuwa juu ya shati haukutetereka.

Jumatatu moja aliiweka pasi chini katikati ya shati. Povu aliona moshi kabla hajamwona mkewe, na akajua kuna jambo, maana mwanamke huyo hakuwa amewahi kuunguza hata mkanda wa suruali.

"Macho yananiuma kwa ndani," alisema Mama Pasi. Alikuwa ameketi sakafuni. "Nikiyageuza tu, nasikia kama yanang'olewa. Na viungo vyote, baba, hata vidole."

Alikuwa anawaka moto. Povu aliamua ni malaria, akampa maji, akaufunga mlango na kuulaani mtaro. Kesho yake asubuhi walikuwa zahanati, Povu akiwa na pakiti ya vidonge vyake vya mgongo mfukoni, ampe mkewe njiani kama maumivu yangezidi.

Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimtoa Mama Pasi damu, akangoja, akarudi na vipimo viwili.

"Malaria hana. Ana dengue."

"Hiyo nayo ni nini?" Povu aliuliza.

"Homa ya virusi. Inaletwa na mbu."

"Mbu gani? Sisi tunalala kwenye chandarua, nakichomekea mwenyewe."

"Hongera, baba. Huko umemzuia mbu wa malaria, huyo wa usiku. Huyu wa dengue anauma mchana, asubuhi na kuelekea jioni hasa. Mweusi, ana madoa meupe miguuni."

"Namjua," alisema Mama Pasi bila kufungua macho. "Anakaa chini ya meza yangu."

Povu akauliza dawa iko wapi. Nesi akamwambia kwamba dawa ya kuviua virusi vile haipo. Mwili wenyewe unapigana navyo, na kazi yao ni kuusaidia. Apumzike. Anywe maji, supu, juisi, na maji ya chumvi na sukari ya pakiti atakayopewa. Alale ndani ya chandarua hata mchana, kwa sababu mbu akimuuma yeye sasa atabeba virusi awapelekee wengine. Kwa homa na maumivu, paracetamol peke yake, kwa kipimo alichoandika.

"Yaani nimemleta hapa niambiwe nimnyweshe maji?"

"Ndiyo, na umnyweshe kweli. Na hizo mfukoni ni nini?"

Povu akatoa pakiti. Nesi akaisoma kwa juu ya miwani, akaiweka mezani upande wake.

"Hizi usithubutu. Hizi, na aspirini, zinaweza kumfanya atokwe na damu. Watu wanawapa wagonjwa wao kwa mapenzi, halafu tunaletewa hapa wamezidiwa." Kisha akamgeukia vizuri. "Sasa nisikilize, hili ndilo kubwa. Homa itashuka, siku ya tatu mpaka ya saba hivi. Ikishuka, msishangilie. Hapo ndipo umwangalie kwa macho mawili. Tumbo likimuuma sana, akitapika mara kwa mara, damu ikitoka puani au kwenye fizi, akilegea au akianza kuhangaika, usingoje kuche. Mlete."

Njiani Povu alinung'unika kwamba hajaona ugonjwa wa kichwa chini miguu juu namna hiyo, wa kuogopwa mtu anapopata nafuu. Lakini walipofika nyumbani alikuwa ameshauelewa kwa njia yake. Kuna madoa ya mafuta ambayo nguo ikiwa mbichi huyaoni. Unaianika ukijipongeza, inakauka, doa hilo hapo. Dobi mzuri haamini nguo mpaka ikauke. Alimweleza mkewe hivyo, naye mkewe akamwambia aache kumfananisha na shuka, amletee maji.

Siku zilizofuata Povu alifanya yote. Alimnywesha kwa saa, akahesabu vidonge, akapika supu ambayo Mama Pasi aliinywa kwa huruma. Alijaribu hata kupiga pasi, kwa kuwa nguo zilikuwa zimejaa mpaka kwenye viti. Mteja mmoja alichukua shati lake, akaligeuza huku na huku, akauliza kama limeshapigwa au bado. Siku ya nne vipele vyekundu vidogo vikamtoka Mama Pasi mikononi na kifuani. Ijumaa, siku ya tano, homa ikashuka. Paji la uso likapoa, akaomba kuoga, akakaa barazani, akapiga kola mbili za majaribio. Povu akaimba akifua. Alikuwa anampenda mwanamke yule na hakuwa na namna nyingine ya kulisema.

Jumamosi asubuhi Mama Pasi alikataa chai. Tumbo linamuuma, alisema, labda njaa. Akatapika. Akapumzika, akatapika tena. Povu alisema ni ile supu, naye alitaka sana iwe ile supu. Akaingia kutandika kitanda, akaushika mto.

Sasa, Povu alisoma madoa kama wengine wanavyosoma gazeti. Angeweza kukuambia hili ni chai ya jana, hii ni kutu ya zipu, huu ni utomvu wa ndizi na mwenye nguo anasema uongo. Kwenye foronya kulikuwa na vidoa vitatu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, pale mdomo wa mkewe ulipokuwa umelala. Hakuhitaji kuvinusa.

"Mama, hebu fungua mdomo."

Fizi zilikuwa nyekundu pembeni ya meno. Povu akatoka mbio mpaka barabarani, peku, povu la sabuni likiwa bado viwikoni, akaanza kupunga mikono, na teksi mbili zikampita. Aliyesimamisha ya tatu alikuwa fundi viatu. Aliweka nyundo chini, akasimama katikati ya barabara kama mlingoti, na dereva akachagua kufunga breki. Fundi hakuuliza kitu. Aliingia ndani, akamshika Mama Pasi upande mmoja, Povu upande wa pili.

"Pole, shemeji," alisema. "Nyanyua mguu. Haya, mwingine."

Akaacha kibanda chake wazi, viatu vya watu vikiwa juu ya meza, akaenda nao mpaka hospitali kubwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walisema, ila hawakusema utamtazamaje usoni kama wiki iliyopita ulikuwa unamkoholea.

Mama Pasi akatundikiwa maji. Daktari akaeleza kwamba chembe za damu zinazoizuia isivuje zimeshuka, na maji ya damu yenyewe yanapenya nje ya mishipa. Wangempima kila baada ya saa chache na kuyarudisha maji kwa kipimo, yasipungue wala yasizidi. Alimwambia Povu kwamba amewahi. Angengoja mpaka jioni, maneno yangekuwa mengine. Povu aliketi kwenye benchi. Fundi viatu akamwekea mkono begani, wakakaa hivyo.

Jumapili jioni Mama Pasi alifungua macho vizuri na kumshika mumewe mkono.

"Baba, nisamehe."

"Kwa nini tena?"

"Ni mimi niliyejiletea haya. Nilikwenda kwa dada siku tatu, na pale kwake kuna dimbwi nyuma ya jiko. Nikaingiza ugonjwa nyumbani kwako. Umeteseka bure."

Povu aliguswa sana. Akamgongagonga mkono, akasema, kwa sauti ya mtu mwema, "Yamepita, mama. Nimekusamehe."

Jumatatu chembe zikaanza kupanda. Povu hakuhitaji kuambiwa na daktari, kwa sababu alipoingia wodini alimkuta mkewe amekamata pindo la shuka la hospitali kwa vidole viwili, uso umekunjamana, akiuliza nani amelipiga pasi hili na kama aliwahi kumwona mtu akifanya kazi hiyo. Povu alirudi nyumbani akichekacheka peke yake njiani.

Getini alimkuta bwana afya, kijana mwembamba mwenye tochi na kata nyeupe ya plastiki ya kuchotea maji. Hospitali ilikuwa imetoa taarifa. Wagonjwa wa dengue mtaani pale walikuwa watatu: Mama Pasi, mwalimu wa hesabu wa nyumba ya kona, na bibi muuza mboga wa nyumba ya tatu.

"Umechelewa, lakini karibu," Povu alimwambia. Akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja kwenye mtaro. "Anzia hapa. Chota!"

Fundi viatu alinyanyua kichwa kutoka kwenye kiatu alichokuwa akishona, akakirudisha. Bwana afya akachota, akatazama, akamwaga.

"Mtaro ni mchafu, na usafishwe, una mbu wake. Lakini wa dengue hapendi maji kama haya. Yeye anataka maji safi yaliyotulia." Akageuka. Macho yake yakapita kwenye kamba, kwenye meza ya pasi, yakatua kwenye mapipa saba. "Yale ni ya nini?"

Povu, na hapa ndipo moyo wangu unamwonea huruma, alimweleza kwa raha. Alimweleza habari ya ulaini. Akampeleka kwenye pipa la nne, akamwonyesha vidudu vikicheza kwenye mwanga wa tochi, akamfafanulia jinsi vinavyothibitisha kwamba hakuna hata tone la sabuni, na jinsi anavyovichuja na kuvirudisha.

"Unavirudisha?" aliuliza bwana afya.

"Vyote."

"Mzee, hivi ni viluwiluwi. Hawa ni watoto wa mbu. Wiki moja hivi, wanaruka." Akainama, akamulika chini ya meza ya Mama Pasi, na mbu wawili wakaruka kutoka gizani, weusi, miguu ina madoa meupe. "Hawa hawaendi mbali. Wanauma hapa na nyumba za jirani."

Nyani haoni kundule. Povu alisimama na kitambaa chake cha kuchujia mkononi, na mkono uliomnyooshea fundi viatu kidole miezi yote hiyo ulikuwa mzito. Bwana afya aliendelea taratibu, bila ukali. Kumwaga maji hakutoshi, kwa sababu mayai yanagandama kwenye kuta za pipa, juu ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja mvua. Lazima kuta zisuguliwe kwa brashi na sabuni, kila wiki, na mapipa yafunikwe pasibaki upenyo. Ndoo, visahani vya maua, matairi, kila kinachoshika maji, vivyo hivyo. Kisha akaongeza kwamba mama akirudi wamlinde zaidi, kwani aina za dengue ni nne, na mtu akipata aina nyingine mara ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza.

Alipoondoka, Povu alivua shati. Akayapindua mapipa saba, moja baada ya jingine, akaingia ndani ya kila moja mpaka kiunoni, akasugua. Kusugua anakujua. Alipotoa kichwa kwenye pipa la mwisho, fundi viatu alikuwa amesimama hapo na kipande cha mpira wa ndani wa tairi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema fundi. "Na wewe ni dobi, nguo za mtaa mzima ziko kwako."

"Sema tu. Miezi minane nimekutukana."

"Kumi," alisahihisha fundi. Akapima mdomo wa pipa kwa shibiri. "Lete shuka kuukuu zito. Nitakata mpira uwe mkanda, hata sisimizi hatapita. Na huo mtaro tutauzibua wote, soli ni zangu kweli."

Jumatano Mama Pasi akarudi, amepungua, anatembea kwa kushika ukuta. Aliwasalimu wote wawili, akayatazama mapipa saba yaliyovishwa vitambaa na kufungwa mikanda.

"Mapipa yameanza kuvaa?"

"Bwana afya alipita," Povu alijibu.

"Akasemaje?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Povu ingekuwa fupi zaidi, maana fundi alikuwa ameketi pale pale akichunguza kucha zake. Povu akakaa kwenye beseni lililopinduliwa.

"Haikuwa kwa dada yako, mama. Ni hapa. Ni mimi. Vile vidudu ni mbu, na nilikuwa nawafuga."

Mama Pasi aliyatazama tena mapipa.

"Na ule msamaha ulionipa?"

"Ndiyo hivyo."

"Nami nikakushukuru!" Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, mpaka fundi akacheka, mpaka Povu mwenyewe akaona anaweza kuinua uso. Halafu Mama Pasi akaacha ghafla.

"Mwalimu je? Na bibi wa mboga?"

"Nao ni mbu wangu, bwana afya hakunificha. Mwalimu ameshapona. Bibi bado."

"Wanajua?"

Povu akatikisa kichwa. Mama Pasi akatia mkaa kwenye pasi. Waliomwambia apumzike aliwajibu kwamba ni shati moja tu, akalichukua shati jeupe la mumewe la kuendea harusini, akalipiga mgongo, mikono, akamaliza na kola, akiketi kila baada ya sehemu.

"Vaa."

"Leo hii?"

"Mimi nimekusamehe kwa sababu wewe ni wangu, sina pa kukupeleka. Wao watajiamulia wenyewe. Na uchukue brashi, huenda nao wana ndoo."

Akaenda. Alianza kwa bibi, akidhani kwa mwanamke mzee maneno yatakuwa mepesi, na njia nzima aliyapanga na kuyapangua. Bibi alikuwa peke yake, binti yake amekwenda gengeni. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka, uso mkavu, anatabasamu.

"Karibu, Povu! Umenikuta nimepona. Homa imeshuka leo asubuhi, namshukuru Mungu."

Povu alisahau yote aliyoyapanga. Aliweka brashi chini.

"Leo asubuhi? Tumbo haliumi? Hujatapika? Fizi zako, bibi, nionyeshe fizi."

Bibi akashangaa, lakini akaonyesha. Zilikuwa safi. Povu akamimina maji kwenye kikombe, akamshikia mpaka akayamaliza, kisha akavuta kigoda, akaketi.

"Bibi, sitoki hapa mpaka binti yako arudi, nimweleze mambo ya kuangalia kesho na keshokutwa," alisema. "Na nikiwa nimekaa, kuna neno nataka kukuambia, kuhusu maji yangu."